Barua, Simu na Kamera: Historia ya Kumtibu Mnyama Bila Kumgusa

Mwanzoni mwa karne ya 4, jeshi la Kaisari Konstantino lilikuwa na mganga wa farasi aliyeitwa Apsyrtus, Mgiriki wa Asia Ndogo ambaye kazi ilimfikisha hadi mto Danube, mpakani mwa dola ya Roma. Farasi wa jeshi walikuwa maelfu kwa maelfu, kambi zimetawanyika, na mganga wa kuaminika hakupatikana kila mahali. Apsyrtus akashika kalamu. Maandishi yake yaliyohifadhiwa katika mkusanyo wa Kigiriki uitwao Hippiatrica yamo katika umbo la barua: jina la mwandishi, jina la mwandikiwa, salamu, kisha dalili za ugonjwa na dawa yake. Walioandikiwa ni askari, maofisa, waganga wenzake na raia wenye farasi.

Miongoni mwa maradhi aliyoyaeleza umo ugonjwa alioujua kwa jina la malis, ambao leo unafahamika kuwa ni glandasi, gonjwa baya la farasi linaloweza kumwua hata binadamu. Aliugawa mafungu manne: ule wa majimaji, ule mkavu, ule wa viungo na ule unaojificha chini ya ngozi. Mwenye farasi alitakiwa amtazame mnyama wake mwenyewe, apapase, kisha aamue ni fungu lipi. Mganga alikuwa safari ya siku kadhaa. Macho na mikono vilikuwa vya yule aliyeishika barua.

Wanazuoni hubishana kama barua hizo zote zilitumwa kweli, kwa kuwa zama hizo kuandika kitabu cha ufundi kwa mtindo wa barua kulikuwa desturi. Hata kama nusu yake ni mtindo tu, zinaonyesha kwamba watu wa wakati ule hawakustaajabu kusikia farasi ametibiwa na mtu asiyemwona. Mshangao huo ni wetu sisi, na haujazeeka. Chanzo chake kinaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua, na mwisho wa njia mtu humkuta ng'ombe, wala si paka.

Kwa karne nyingi baada ya Apsyrtus, tiba ya wanyama Ulaya ilikuwa mikononi mwa wahunzi waliopiga viatu vya farasi, wachungaji, na yeyote aliyedai kuwa na dawa. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1761, pale serikali ya Mfalme Louis XV ilipompa Claude Bourgelat, mkuu wa chuo cha kupanda farasi mjini Lyon, idhini ya kufungua shule ya madaktari wa wanyama, ya kwanza ya aina yake duniani. Hofu kubwa ya serikali ilikuwa sotoka, tauni ya ng'ombe iliyokuwa ikiwaacha wakulima wa Ufaransa mikono mitupu. Wanafunzi wa Bourgelat walipasua mizoga, walijifunza mifupa na misuli, kisha wakatumwa vijijini kupambana na milipuko. Kwa mara ya kwanza mtu aliyemgusa mnyama kwa utaratibu, tena mwenye cheti, akawa tofauti na mwenye maneno tu.

Sotoka hiyohiyo ndiyo iliyoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kufyeka ng'ombe wa Wamaasai na wafugaji wengine, njaa ikafuata nyuma yake. Chanjo iliyokuja kuibana ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa. Hiyo ni habari nyingine, ila inafaa kukumbukwa hapa kwa sababu moja: taaluma hii ilizaliwa kwa ajili ya mnyama wa mali. Mbwa na paka walikuja kuingia kwa mlango wa nyuma.

Chuo cha madaktari wa wanyama cha London kilifunguliwa mwaka 1791, na hapo pia farasi ndiye aliyekuwa mfalme. Daktari aliyejishughulisha na mbwa alionekana anajishushia hadhi. Delabere Blaine na mwenzake William Youatt walikuwa wachache walioiona kazi hiyo kuwa kazi. Walitibu mbwa London mwanzoni mwa karne ya 19, na Blaine akaandika kitabu kizima juu ya maradhi yao. Wengi wengine walisubiri hadi gari la mota lilipomwondoa farasi barabarani. Daktari aliyepoteza wagonjwa wa kwato akalazimika kumtazama upya yule mgonjwa aliyelala miguuni pa bibi mwenye nyumba.

Maskini nao walikuwa na mbwa. Mwaka 1917, vita kuu ikiendelea, Maria Dickin alifungua zahanati ya bure ya wanyama Whitechapel, mashariki mwa London, mtaa wa wafanyakazi wa bandarini na mafundi cherehani. Punda wa wachuuzi, mbwa, paka na hata sungura walipangwa foleni. Miaka michache baadaye akaanza kupeleka zahanati kwa gari la kukokotwa, kutoka mji mmoja hadi mwingine. Shida yake ilikuwa ileile ya Apsyrtus, yaani mganga mmoja na wagonjwa waliotapakaa, ila yeye aliitatua kwa magurudumu.

Kisha simu. Ajabu ni kwamba simu, kwa miongo mingi, haikutumika kumtibu mnyama kwa mbali. Ilitumika kumtoa daktari kitandani. Anayesoma visa vya James Herriot, jina la kalamu la Alfred Wight aliyeanza kazi Thirsk, Yorkshire, mwaka 1940, atakumbuka jinsi kengele ya simu inavyolia usiku wa manane, na dakika chache baadaye daktari yuko zizini, shati amelivua, mkono umeingia ndani ya ng'ombe hadi begani. Hapo mkono ulikuwa kwenye kilele cha heshima yake. Mkulima aliyeambiwa kwenye simu "jaribu hivi, nipigie kesho" angejiona amepunjwa.

Pamoja na hayo kulikuwa na eneo moja ambalo simu ilifaa kuliko mkono, nalo ni sumu. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianzisha laini ya simu ya ushauri kuhusu wanyama waliokula sumu. Mwaka 1996 laini hiyo ilichukuliwa na ASPCA, shirika kongwe la kutetea wanyama nchini humo, na inafanya kazi hadi leo. Mtu anapiga akitweta: mbwa amekula chokoleti. Anayepokea hamgusi mbwa wala hahitaji kumgusa. Anauliza mbwa ana kilo ngapi, chokoleti ni nyeusi au ya maziwa, ilikuwa gramu ngapi, na imepita saa ngapi. Chokoleti ina kemikali iitwayo theobromini ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole, na nyeusi inayo nyingi zaidi kuliko ya maziwa. Kilichobaki ni hesabu. Mbwa mkubwa aliyelamba kipande cha biskuti ya chokoleti anaachwa alale. Mbwa wa kilo tatu aliyemaliza kibao kizima cha chokoleti nyeusi anakimbizwa kliniki.

Kwa paka maswali ni mengine. Je, amepewa parasetamoli? Watu wengi hudhani kidonge kinachowatuliza wao kitamtuliza naye, kumbe ini la paka haliwezi kukivunja na kidonge kimoja chaweza kumwua. Je, amepakwa dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, yenye pemethrini? Hiyo nayo humtetemesha paka mpaka apate degedege. Mambo haya hayahitaji daktari apapase tumbo. Yanahitaji mtu anayejua, apatikane sasa hivi.

Kwa hiyo katazo la kumtibu mnyama bila kumgusa lilitoka wapi? Marekani lilitoka zizini. Mwaka 1994 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyowaruhusu madaktari wa mifugo kutumia dawa kwa namna isiyoandikwa kwenye lebo, kwa mfano dawa ya binadamu kwa mnyama, au dozi tofauti na iliyoidhinishwa. Wasiwasi mkubwa ulikuwa mabaki ya dawa kwenye nyama na maziwa. Ndiyo maana ruhusa ikafungwa kwa sharti: lazima kuwe na uhusiano halali kati ya daktari, mwenye mnyama na mnyama, na kanuni zilizofuata zikaeleza kuwa daktari awe amemchunguza mnyama au amefika kwenye shamba analofugwa. Sharti hilo lina maana kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yatanywewa na watoto wa watu. Majimbo mengi yalikuwa na masharti yanayofanana na hayo katika sheria zao, nayo yakamfunga daktari wa paka mzee wa ghorofani kama yalivyomfunga daktari wa shamba la ng'ombe elfu moja.

Aliyeipima nguvu ya kamba hiyo ni Ronald Hines, daktari wa wanyama wa Brownsville, kusini kabisa mwa Texas. Mwaka 2002 alistaafu kazi ya kliniki, mwili ukiwa umeshachoka, akaanza kuandika makala za afya ya wanyama kwenye mtandao. Wasomaji wakamwandikia kumwuliza kuhusu wanyama wao. Naye, kama Apsyrtus, akajibu. Mwanzoni bure, baadaye kwa ada ya dola 58 ambayo asiye na uwezo alisamehewa. Baadhi ya walioandika waliishi mbali na daktari yeyote. Wengine walikuwa wamepewa maelezo mawili yanayopingana na madaktari wawili, wakataka wa tatu awasaidie kuamua. Hines hakuandika dawa. Alipoona jambo haliwezekani bila kumshika mnyama, alisema hivyo.

Tatizo ni kwamba mwaka 2005 Texas iliandika waziwazi kwenye sheria yake kuwa uhusiano wa daktari na mnyama hauwezi kuanzishwa kwa simu au njia ya elektroniki peke yake. Mwaka 2013 bodi inayosimamia madaktari wa wanyama wa jimbo hilo ikamwadhibu: faini ya dola 500, kurudia mtihani wa sheria za kazi, na kusimamishwa leseni kwa mwaka mmoja, adhabu ambayo utekelezaji wake uliahirishwa kwa masharti. Hakuna aliyelalamika kwamba mnyama wake ameumizwa.

Hines akaenda mahakamani. Swali lililowekwa mezani lilikuwa jepesi kuuliza na gumu kujibu: daktari anapomwandikia mtu barua kumshauri kuhusu mbwa wake, je, anasema au anatibu? Kama anasema, katiba ya Marekani inamlinda. Kama anatibu, jimbo lina haki ya kumwekea masharti. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ilisema anatibu, na Hines akashindwa. Mahakama ya Juu ya nchi ikakataa kulisikiliza shauri lake.

Pangeishia hapo kama si mambo mawili. La kwanza, mwaka 2017 Texas iliwaruhusu madaktari wa binadamu kumwona mgonjwa mpya kwa video bila kukutana naye kwanza. Mtoto mchanga, asiyeweza kusema panapomwuma, aliweza kutibiwa kwa skrini. Mbwa wa nyumba hiyohiyo hakuweza. La pili, mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi nyingine kwamba maneno ya mtaalamu hayapotezi ulinzi wa katiba eti kwa kuwa ni ya kitaalamu. Hines akafungua kesi upya. Mwaka 2020 mahakama ileile ya rufaa ikairuhusu iendelee, na Septemba 2024 ikaamua kwamba barua zake zilikuwa maneno, na kwamba jimbo halikuleta ushahidi wa kutosha wa madhara ya kuhalalisha kumfunga mdomo. Ilikuwa imepita miaka 11 tangu ashtaki kwa mara ya kwanza, na yeye alikuwa amepita umri wa miaka 80.

Wakati kesi ikipanda na kushuka ngazi za mahakama, korona ilikuwa imekwisha kuwalazimisha wengine waamue haraka. Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisitisha kwa muda utekelezaji wa sharti la kumgusa mnyama kabla ya kumwandikia dawa. Uingereza nayo, mwezi huohuo, iliwaruhusu madaktari kuandika dawa kwa mbali. Kliniki za miji mikubwa zilimpokea mbwa kwenye maegesho ya magari, mwenyewe akabaki ndani ya gari na simu sikioni. Madaktari ambao mwaka 2019 wangeapa kwamba haiwezekani walijikuta wanafanya kazi hiyo kutwa nzima.

Korona ilipolegea, njia ziligawanyika. Mamlaka ya Marekani ilirudisha sharti lake Februari 2023. California ikaenda kinyume: kuanzia Januari 2024 daktari anaweza kuanzisha uhusiano kwa mazungumzo ya video ya papo kwa papo, ila antibiotiki asiziandike kwa zaidi ya siku 14, baada ya hapo mnyama aonwe ana kwa ana. Arizona ilikwisha kulegeza mwaka 2023, Florida ikafuata katikati ya 2024. Uingereza, kuanzia Septemba 2023, iliachia daktari mwenyewe aamue kama uchunguzi wa mkono unahitajika, lakini ikaziwekea antibiotiki na dawa zenye udhibiti mkali masharti yake. Chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani hadi leo kinashikilia kwamba skrini peke yake haitoshi kuanzisha uhusiano.

Ukizisoma sheria hizo kwa pamoja unaona kwamba hakuna anayegombania kamera. Kinachogombaniwa ni kalamu ya kuandika dawa, na hasa antibiotiki, kwa sababu usugu wa vijidudu hauishii kwa mbwa. Wanaosema mtandao umeiharibu taaluma wanailaumu kamera kwa kosa ambalo cheti cha dawa kingeweza kulifanya hata kwenye kliniki yenye meza ya chuma na mizani.

Kamera yenyewe ina uwezo wake. Daktari humwomba mwenye mbwa ainue mdomo wa juu: ufizi wa waridi ni habari njema, uliopauka, wa bluu au wa njano ni habari mbaya. Abonyeze ufizi kwa kidole na kuachia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ahesabu pumzi mnyama akiwa usingizini. Mbwa au paka mzima anayezidi 30 kwa dakika mara kwa mara huenda moyo au mapafu yake yana shida. Hesabu hiyo ya mwisho, kwa kweli, nyumbani ni sahihi kuliko kliniki. Paka aliyefungiwa kikapuni, akabebwa garini na kuwekwa mezani penye harufu ya mbwa kumi, moyo humwenda mbio na hata sukari ya damu hupanda kwa hofu. Daktari anapima woga, siyo ugonjwa. Kwa paka mwenye maradhi ya moyo au ya kisukari anayehitaji kufuatiliwa mwezi hata mwezi, kumtazama akiwa kwenye kochi lake ni faida ya kweli.

Lakini kuna mahali ambapo kamera hudanganya vibaya. Mwenye paka anapiga simu kusema paka wake amefunga choo: anaingia kwenye boksi la mchanga kila dakika, anachuchumaa, anakamua, analia, hakuna kitu. Anauliza ampe mafuta gani. Daktari anayejua kazi yake hajibu swali hilo. Anauliza: dume au jike? Akiambiwa dume, mazungumzo yamekwisha. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba mno, ukiziba kwa chembe za mawe au ute, kibofu hujaa mpaka kiwe kigumu mithili ya chungwa, potasiamu hupanda kwenye damu, na moyo waweza kusimama katika siku mbili tatu. Mkono ungekigundua kibofu hicho kwa kugusa mara moja. Skrini inaonyesha paka anayechuchumaa tu.

Afrika Mashariki habari hii haikusubiri programu wala sheria. Madaktari wa mbwa na paka wamejikusanya Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine mikubwa, na mtu wa wilayani mwenye mbwa mgonjwa hupiga picha ya kidonda akaituma kwa WhatsApp kwa daktari anayemfahamu, au kwa ndugu anayemfahamu daktari. Wafugaji walikuwa wameshatangulia: mwaka 2011 Su Kahumbu alianzisha Kenya huduma ya iCow, iliyomtumia mkulima ujumbe mfupi kwenye simu ya kawaida kumkumbusha kalenda ya ng'ombe wake, lini anatarajiwa kuzaa na amlishe nini. Hapa tena ng'ombe alipita kwanza.

Kuna ugonjwa mmoja, hata hivyo, ambao hauna mjadala. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Asia na Afrika. Dalili zikishatokea hakuna tiba. Kinga yake ni sindano, na sindano haipiti kwenye waya. Mbwa apelekwe kwa daktari, au daktari aende kwa mbwa, kama wanavyofanya kwenye vijiji vinavyoizunguka Serengeti, ambako virusi vingine vinavyofahamika kuwa vya mbwa, vya distempa, viliua karibu theluthi ya simba wa hifadhi hiyo mwaka 1994.

Basi mwenye mbwa au paka ajifunze mapema, mnyama wake akiwa mzima, rangi ya ufizi wake ikoje, anapumua mara ngapi usingizini na ana kilo ngapi. Hayo ndiyo daktari wa mbali atakayoyauliza kwanza, na asiye na majibu hulipia mazungumzo yasiyo na faida. Parasetamoli asimpe paka kabisa. Na akimwona paka dume anakamua bila tone kutoka, asipoteze muda kupiga picha. Atafute usafiri usiku huohuo.